Uzi: Texas Hold'em kwa anayeanza, tuanze na dau kabla ya kukariri karata

Mwanzisha uzi, Kisumu

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Swali la namna ya kujifunza poka limekuwa likirudi humu mara kwa mara, na kila linapoulizwa, anayeanza huambiwa akariri kwanza orodha ya karata zinazoshinda, kana kwamba akishaijua orodha hiyo amekwisha kuujua mchezo. Mimi naona ushauri huo unampotosha. Orodha hukaririwa kwa jioni moja. Kinachomwondoa mtu mezani mikono mitupu ni kutolijua dau: ni zamu ya nani kusema, anaruhusiwa kuweka kiasi gani, analipia nini hasa anapofuata dau la mwenzake, na ni wakati gani bei anayotakiwa kulipa imezidi thamani ya karata anayoisubiri. Uzi huu utahusu aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, isiyo na kikomo cha dau, kwa kuwa ndiyo inayochezwa zaidi duniani siku hizi na ndiyo vijana wetu wanayoiona kwenye simu zao.

Naomba tukubaliane mapema kwamba tutajifunza kwa vifuniko vya soda, vile vile tunavyochezea drafti vibarazani, wala si kwa fedha. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na hata mtu mzima hawezi kufikiri sawasawa juu ya hesabu ya dau ikiwa kilichowekwa mezani ni karo ya mtoto. Kifuniko kinatosha kabisa. Mpe kila mchezaji vifuniko 100, na mtu akiishiwa, basi amemaliza kwa jioni hiyo, ili kila mmoja avithamini.

Mchezo hutumia karata 52 za aina nne (kopa, uru, pau na shupaza), bila joka. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu: tatu kwa pamoja, ambazo huitwa flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila mmoja huchagua karata tano bora kati ya hizo saba anazoweza kuzitumia, na hizo tano ndizo nitakazoziita mkono. Unaweza kutumia karata zako zote mbili, au moja tu, au usitumie hata moja ikiwa tano za mezani ni bora kuliko chochote ulichonacho.

Ngazi za mikono nitazieleza kwa kuzihusisha na uhaba wake, kwa sababu anayeelewa uhaba hahitaji kukariri sana. Kutoka karata 52 unaweza kupata mafungu 2,598,960 tofauti ya karata tano. Mafungu 1,302,540 kati ya hayo hayana kitu ila karata kubwa, na 1,098,240 yana jozi moja tu, kwa hiyo mikono hiyo miwili ndiyo ya chini. Jozi mbili hutokea mara 123,552, na karata tatu za namba moja (kama vile 9 tatu) mara 54,912. Mfuatano, kama vile 5, 6, 7, 8 na 9 za aina mchanganyiko, hutokea mara 10,200. Karata tano za aina moja, kwa mfano kopa tupu, hutokea mara 5,108, na hapo ndipo unapoona kwa nini aina moja huushinda mfuatano, jambo ambalo wengi hulikosea. Tatu na mbili, yaani tatu za namba moja pamoja na jozi, ni 3,744; nne za namba moja ni 624; na mfuatano wa aina moja ni 40 tu, nne kati ya hiyo ikiwa ni ule wa kumi hadi ree, yaani karata ya A. Ree inaweza kuwa ya juu kabisa au ikasimama chini ya 2 katika mfuatano wa ree hadi 5, lakini haiwezi kukaa katikati, kwa hiyo mfalme, ree na 2 havifuatani. Tena shupaza haiishindi kopa wala uru haiishindi pau: mikono ikilingana, kitita, yaani jumla ya madau yaliyowekwa mezani, hugawanywa.

Sasa tuingie kwenye dau. Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa alama ya mgawaji, ambayo husogea kiti kimoja upande wa kushoto kila mgawo unapokwisha. Anayemfuata mgawaji kwa kushoto huweka dau dogo la lazima, na anayefuata huweka dau kubwa la lazima, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya dogo. Kwa vifuniko 100, weka 1 na 2. Madau haya hulipwa kabla mtu hajaziona karata zake, na bila hayo mchezo usingekuwapo, kwa kuwa kila mtu angekaa akisubiri ree mbili, ambazo hugawiwa kwa wastani mara moja katika migawo 221.

Kuna duru nne za dau: baada ya kupata karata mbili za siri, baada ya flopu, baada ya karata ya nne na baada ya karata ya tano. Katika duru ya kwanza, wa kwanza kusema ni aliyeketi kushoto kwa dau kubwa. Katika duru tatu zinazofuata, wa kwanza ni mchezaji aliyebaki wa karibu zaidi kushoto kwa mgawaji, na mgawaji mwenyewe husema mwisho. Ikiwa hakuna aliyeweka dau, unaweza kupita au kuweka. Ikiwa dau limewekwa, huwezi tena kupita: utajitoa, utalifuata, au utalipandisha. Duru hufungwa wote waliobaki wakishasema na kulipa sawa.

Kiasi cha kupandisha ndipo penye ugomvi katika meza nyingi za nyumbani. Kanuni ni kwamba nyongeza yako isipungue nyongeza iliyotangulia. Mwenzako akiweka 6 katika flopu, ukitaka kupandisha lazima ufikishe angalau 12. Kabla ya flopu, dau kubwa likiwa 2 na mtu akapandisha hadi 6, nyongeza yake ni 4, kwa hiyo anayetaka kupandisha tena lazima afike angalau 10. Kwenda juu hakuna mpaka ila vifuniko vilivyo mbele yako. Huruhusiwi kuongeza vingine kutoka mfukoni katikati ya mgawo. Pia sema kiasi chako kwa sauti au uvisukume vyote kwa mara moja. Kusukuma kidogo, ukamtazama mwenzako usoni, kisha ukaongeza, hakukubaliki mahali popote mchezo huu unapochezwa kwa heshima.

Mchangiaji, Nakuru

Asante sana kwa maelezo haya, ndugu. Naomba ufafanuzi katika jambo moja. Ikiwa wote wamelifuata dau kubwa bila kupandisha, na zamu imemrudia yule aliyeliweka, je, duru imekwisha au naye ana haki ya kusema? Kwetu tumekuwa tukifunua flopu papo hapo, na kaka yangu hulalamika kila mara kwamba amedhulumiwa.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Kaka yako ana haki, dada. Aliyeweka dau kubwa la lazima hakuchagua kuliweka, kwa hiyo zamu yake ya kweli huja mwisho wa duru ile ya kwanza, na hapo anaweza kupita ili flopu ifunuliwe, au akapandisha na kuwalazimisha wengine waseme upya. Msimfungie duru kabla hajasema. Na kabla ya flopu, na kabla ya karata ya nne na ya tano, mgawaji hutupa kando karata moja ya juu ikiwa kifudifudi, ili kama kulikuwa na alama nyuma ya karata ile, yeyote aliyeiona asinufaike nayo.

Mchangiaji, Kakamega

Mimi naomba kuongeza jambo kwa faida ya vijana wa huku Magharibi. Wengi wetu tumekulia katika kadi, ule mchezo ambao Wakenya wengi pia huuita poka, ambao 2 na 3 humlazimisha jirani kuokota karata, J humruka mtu, K hurudisha mzunguko, 8 na malkia huuliza maswali, na anayebakiwa na karata ya mwisho hutangaza kwamba yuko kadi. Mwanafunzi wangu mmoja alipoletewa Texas Hold'em kwa mara ya kwanza alizificha 2 mbili akiamini ni silaha. Kwa hiyo nashauri anayefundisha aseme waziwazi tangu mwanzo kwamba hapa hakuna karata yenye amri juu ya mtu mwingine, na kwamba hakuna haraka ya kuzimaliza karata mkononi. Hata hivyo, kadi imetupa faida kubwa: mtoto aliyeicheza anazijua aina zote nne, anajua kusubiri zamu, na amezoea kukumbuka ni karata zipi zimekwisha kutoka.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Mwalimu, umesema kweli tupu, na hiyo tabia ya kukumbuka zilizotoka ndiyo inayohitajika katika hesabu ninayotaka kuieleza sasa. Naomba mfuatilie mgawo mmoja kamili, nao ndio uti wa uzi huu.

Tuchukue wachezaji sita, kila mmoja na vifuniko 100. Kiti cha 1 ndicho cha mgawaji, cha 2 kimeweka 1, cha 3 kimeweka 2. Kiti cha 4 kinajitoa. Kiti cha 5 kina ree ya kopa na mfalme wa pau, kinapandisha hadi 6. Kiti cha 6 kinajitoa. Mgawaji ana 9 ya shupaza na 9 ya kopa, analipa 6. Kiti cha 2 kinajitoa na kukiacha kifuniko chake. Kiti cha 3 kina 10 ya uru na 8 ya uru, kinaongeza 4 ili kufikia 6. Kitita sasa kina 19.

Flopu inafunuliwa: ree ya shupaza, 9 ya uru, 4 ya uru. Kiti cha 3 kina uru nne na kinaisubiri moja tu. Kinapita. Kiti cha 5 kina jozi ya ree na kinaweka 10. Mgawaji, ambaye sasa ana 9 tatu, anafuata kwa utulivu bila kupandisha. Zamu inarudi kwa kiti cha 3, nacho kinatazama kitita cha 39 ambacho kinatakiwa kulipa 10 ili kukigombea.

Hapa tusimame. Ukilipa 10, kitita kitakuwa 49, kwa hiyo mchango wako ni kama asilimia 20 ya jumla. Uru ziko 13 na zilizoonekana ni nne, hivyo zimebaki 9 kati ya karata 47 usizoziona, nayo ni asilimia 19. Bei na nafasi yako vinakaribiana sana, na kwa kuwa ukiipata uru huenda wenzako wakakulipa zaidi baadaye, kulipa ni uamuzi unaoweza kutetewa. Kiti cha 3 kinalipa, na kitita kinafika 49.

Karata ya nne ni mfalme wa shupaza. Kiti cha 3 kinapita. Kiti cha 5, ambacho sasa kina jozi mbili za juu kabisa, kinaweka 30. Mgawaji anasukuma zote 84 zilizobaki. Kitita sasa kina 163, na kiti cha 3 kinatakiwa kulipa 84 kwa ajili ya uru ile ile inayoisubiri. Mara hii 84 ni asilimia 34 ya jumla ya 247, ilhali nafasi yake ni 9 kati ya 46, yaani chini ya asilimia 20. Uru hazijapungua hata moja, ila bei imepanda mno. Kiti cha 3 kinajitoa, na kinafanya vyema kabisa, hata kama karata ya mwisho ingekuwa uru. Ningependa kila mwanafunzi aurudie uamuzi huu mpaka aache kuhuzunika anapoiona karata aliyoiacha ikitokea.

Kiti cha 5 kinalipa 54 zilizosalia, karata ya tano ni 2 ya pau, na mgawaji anachukua 217 kwa 9 zake tatu. Kiti cha 5 hakikukosea kitu kikubwa. Kilikuwa na ree mbili na wafalme wawili zilizobaki za kukiokoa, yaani karata 4 kati ya 44 ukiziona karata za wote wawili, nazo hazikuja. Lakini tazameni faida ya kukaa mwisho: mgawaji aliwasikia wote wawili wakisema kabla yake katika flopu na katika karata ya nne, kwa hiyo kila kifuniko alichoweka alikiweka akiwa na habari ambazo wao hawakuwa nazo. Ndiyo maana jozi ndogo au karata za wastani ambazo ungezitupa ukiwa wa kwanza kusema, unaweza kuzicheza ukiwa mgawaji.

Kwa hesabu ya haraka, idadi ya karata zinazokufaa izidishe kwa 2 ikiwa imebaki karata moja kufunuliwa, na kwa 4 ikiwa zimebaki mbili na hutatakiwa kulipa tena katikati. Uru 9 katika flopu zitakupa 36, na jibu kamili ni asilimia 35. Mfuatano uliofunguka pande zote mbili, kama 5, 6, 7 na 8 ukisubiri 4 au 9, una karata 8 zinazokufaa, kwa hiyo ni 32, na jibu kamili ni kama 31 na nusu. Makadirio hayo yanatosha kwa mtu aliyeketi kibarazani bila kikokotoo.

Mchangiaji, Nakuru (mwingine)

Nimeisoma hesabu hii kwa makini, nami nakubaliana nayo, lakini sikubaliani na kumwanzisha mwanafunzi kwa mchezo usio na kikomo. Mzee aliyenifundisha alitumia dau la kiwango maalumu: katika duru mbili za kwanza unaweka au kupandisha kwa kipimo kimoja tu, tuseme 2, na katika duru mbili za mwisho kwa kipimo cha mara mbili yake, yaani 4, na idadi ya kupandisha katika duru moja ina ukomo. Mwanafunzi hawezi kupoteza vifuniko vyote 100 katika mgawo mmoja, kwa hiyo anapata migawo mingi ya kujifunzia. Katika mchezo wako, aliyekosea mara moja anakaa pembeni kuwatazama wenzake jioni nzima.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Hoja yako ni nzito, nami ninaiheshimu. Kwa somo la mpangilio wa zamu na la kusoma mikono, dau la kiwango maalumu ni mwalimu mpole, na kwa watoto wa nyumbani wanaojifunza hesabu ningelichagua hilo bila kusita. Ninachohofia ni kwamba katika mchezo huo bei ya kusubiri uru huwa nafuu karibu kila mara, kwa sababu anayeweka dau hawezi kuipandisha atakavyo, na mwanafunzi huzoea kulipa. Akihamia meza isiyo na kikomo hubeba zoea hilo, nalo humgharimu. Labda tukubaliane hivi: jioni za mwanzo tutumie kiwango maalumu, kisha tuhamie bila kikomo mara tu mwanafunzi anapoweza kutaja kitita kina ngapi bila kukihesabu upya.

Kuhusu vitisho, yaani kuweka dau kubwa huku huna kitu, nimeviacha kwa makusudi. Anayeanza huviona kwenye video na kudhani ndiyo poka yenyewe. Kitisho hufanya kazi pale tu dau lako linapofanana na dau ambalo ungeliweka ukiwa na mkono wa kweli, tena mbele ya mtu anayejua kujitoa. Kumtisha mtu anayelipa kila kitu ni kumgawia vifuniko vyako.

Mchangiaji, Busia

Mimi nauliza kuhusu chimbuko lake. Je, ni kweli mchezo huu ulitokea Texas, au ni jina tu?

Mwanzisha uzi, Kisumu

Bunge la jimbo la Texas huko Marekani limeutambua mji wa Robstown kuwa mahali ulipozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Uliingia Las Vegas katika miaka ya 1960, na mashindano ya World Series of Poker yalianza huko mwaka 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe. Ulienea kwa watu wa kawaida baada ya 2003, pale mhasibu Chris Moneymaker, aliyepata nafasi kupitia mashindano ya bei nafuu ya intaneti, alipowashinda washiriki wenzake 838 katika mashindano hayo na kutwaa dola milioni 2.5.

Mchangiaji, Kakamega

Swali langu la mwisho, ndugu. Wachezaji watatu wamebaki, na hawana idadi sawa ya vifuniko. Wa kwanza ana 20, wa pili ana 50, wa tatu ana 80, na wote wanataka kuweka zote. Darasani kwangu tumewahi kumwambia mwenye 20 ajitoe kwa sababu hawezi kulipa, na sikuridhika na uamuzi huo.

Mwanzisha uzi, Kisumu

Mwalimu, asijitoe. Hakuna anayefukuzwa kwenye mgawo kwa sababu ya uchache wa vifuniko. Hulipa alivyonavyo, na hugombea kiasi kile kile kutoka kwa kila mwenzake. Chukueni 20 kutoka kwa kila mmoja muunde kitita kikuu cha 60, ambacho wote watatu wanakigombea. Kisha chukueni 30 zilizobaki za wa pili na 30 za wa tatu, muunde kitita cha kando cha 60, ambacho ni cha hao wawili tu. Vifuniko 30 vya ziada vya wa tatu havina wa kuvilipia, kwa hiyo anarudishiwa kabla karata hazijafunuliwa.

Mkifika kwenye kufunua, anzeni na kitita cha kando. Tuseme wa pili ana jozi mbili na wa tatu ana jozi moja: wa pili anachukua 60 za kando. Kisha fungueni karata za wa kwanza. Akiwa na mfuatano, anachukua 60 za kitita kikuu, na wa pili hana lalamiko lolote, kwa kuwa zile za kando hazikuwahi kuwa za wa kwanza. Akiwa na jozi moja tu, wa pili anachukua vyote viwili, jumla 120. Wekeni vitita hivyo viwili mbalimbali mezani, kimoja karibu na flopu na kingine mbele ya wanaokigombea, ili pasiwe na mtu wa kuvichanganya wakati karata ya mwisho inapofunuliwa.